Kumwogesha mzazi mwenye demensia bila kuvutana

Mama ana demensia, ugonjwa wa kusahau na kuvurugikiwa akili. Alipoanza kugoma kuoga, asubuhi tatu nzima tulivutana mlangoni mwa bafu hapa Tandika. Ameng'ang'ania fremu ya mlango kwa mikono miwili, anapiga kelele kwamba namuua, majirani wanachungulia. Juzi nimemwelekeza jirani mwenye baba wa hali hiyohiyo, nikaona niandike kabisa.

1. Saa. Wengi wenye demensia huvurugika zaidi jua likielekea kuzama, kwa hiyo jioni achana nayo. Mama yangu ni saa nne asubuhi, akishamaliza uji.

2. Andaa vyote kabla hujamwita: ndoo, kopo, sabuni, dodoki, stuli ya plastiki, khanga mbili.

3. Maji. Hapa ndipo nilipokosea. Shawa sahau, maji yakimshukia kichwani ghafla haelewi yanatoka wapi, anaogopa. Ndoo na kopo havina mpinzani. Pima maji kwa kiwiko kila mara, hata yakitoka bombani moja kwa moja: tenki likiwa juu ya paa, mchana wa Januari yanatoka ya moto kweli, na yeye huenda asiweze kukwambia yanamuunguza.

Usimvue nguo zote. Mfunike khanga mabegani, uoshe kwa chini yake. Anza na miguu, panda taratibu, ukitaja kila unachofanya: "Mama, sasa mguu wa kulia." Kichwa mwisho, au kiache hadi kesho. Halafu mpe kopo alishike mwenyewe. Siku nilipompa mama, alijimwagia magotini, akaniuliza mbona mimi sijaoga.

(Baba wa jirani alimkubali mwanawe wa kiume tu. Mkwe alipoingia na ndoo, mzee alifunga mlango. Ana haki.)

4. Kausha chini ya matiti, kwenye mapaja na katikati ya vidole. Kwa joto letu fangasi hawachelewi.

Akikataa, usibishane. Rudi baada ya nusu saa, au mfute kwa kitambaa chenye maji, yaishe.

Ila akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usiseme demensia imezidi. Mpeleke akapimwe mkojo; kwa wazee, maambukizi ya njia ya mkojo huweza kujitokeza kwa kuchanganyikiwa tu, bila hata homa. Zahanati ya kwanza walituambia ni uzee. Ya pili walipima, wakayakuta, na baada ya wiki ya dawa mama akarudi kudai kopo lake.