Kabla ya Kuunganisha Printa ya Mtandao na Kompyuta ya Windows 7

Kama saiba yako pale Mwembe Tayari au ofisi yako ya kutoa mizigo karibu na bandari ya Kilindini bado inatumia Windows 7, printa ya mtandao inaweza kufanya kazi nayo vizuri tu. Lakini usianze na kompyuta. Anza na printa.

Iunganishe na rauta kwa waya, kisha itoe karatasi ya mipangilio yake. Tafuta hapo anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha printa kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, printa haijapewa anwani na rauta, kwa hivyo kagua waya kwanza.

Ukishaipata anwani, hakikisha haitabadilika. Hapa ndipo wengi hukwama. Stima ikipotea na kurudi, rauta inaweza kuipa printa anwani nyingine, huku kompyuta ikiendelea kutuma kazi kule kwa zamani. Mteja amesimama na stakabadhi zake hazitoki, na printa haina hitilafu yoyote. Ingia kwenye rauta uihifadhie printa anwani yake kwa namba ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe), ambayo iko kwenye karatasi ile ile.

Sasa nenda kwenye kompyuta, ufungue Command Prompt (dirisha la kuandika amri), uandike ping na anwani hiyo ili ujue kama printa inafikiwa. Soma majibu kwa makini. Neno "Reply" peke yake halitoshi: likifuatwa na "Destination host unreachable", bado printa haijafikiwa.

Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa, itafute mapema, kwenye tovuti ya kampuni iliyounda printa yako. Printa mpya kabisa huenda isiwe na draiva ya Windows 7, basi uliza kabla ya kulipa. Angalia pia kama mfumo wako ni wa biti 32 au 64, maana draiva ya mmoja haiingii kwenye mwingine. Microsoft iliacha kuulinda mfumo huu tarehe 14 Januari 2020, kwa hivyo ni bora upakue kwa kompyuta mpya zaidi, ukague virusi, ndipo ulete kwa flashi.

Wakati wa kuongeza printa, chagua mlango (port) wa TCP/IP, yaani njia ya kutuma kazi kupitia mtandao, na uandike anwani mwenyewe; printa nyingi hupokea kazi kupitia mlango namba 9100.

Karatasi nazo usizifungue mapema. Kwa unyevu wetu huu wa pwani, rimu iliyoachwa wazi hujikunja na kukwama ndani ya printa, nawe utadhani tatizo ni la mtandao.