Jinsi ya kusoma mji alioacha mkoloni, anzia Kigoma stesheni ufike Algiers

Ukitaka kuelewa kwanini Rabat ya Morocco au Algiers ya Algeria watu wamepangwa juu na chini, usianze kukariri majina ya majenerali wa Kifaransa, anza na mji unaoujua. Shuka stesheni ya Kigoma. Reli ya Wajerumani ilifika hapa 1914, kabla ya hapo mji wenyewe ulikuwa Ujiji, sasa kwa vile ghuba ya Kigoma ilifaa meli zaidi wakahamishia mambo huku na Ujiji ikabaki pembeni. Panda haisi mpaka Ujiji huku unajiuliza: nani alisogezewa serikali, nani aliachwa?

Swali hilo hilo lipeleke Morocco, fungua ramani ya setilaiti kwenye simu. Lyautey, jenerali wa Kifaransa, alipokabidhiwa nchi 1912 alitoa makao makuu Fes akayapeleka Rabat, 1914 akamleta Henri Prost apange miji. Wakaiacha medina, yaani mji wa zamani wa wenyeji, kama ilivyo, wakajenga mji mpya wa Wazungu pembeni, katikati wakaacha eneo wazi. Walisema wanalinda utamaduni wa wenyeji, sawa, ila medina ikakosa pa kutanukia na watu wa vijijini wanazidi kuingia, mwisho Casablanca ikaota mabanda ya mabati kama yale ya Carrières Centrales. Kwahiyo tafuta ule uwazi kati ya miji miwili. Algiers utatafuta kilichobomolewa, maana baada ya kuuteka mji 1830 Wafaransa walivunja sehemu ya chini ya Kasbah, mji wa zamani wa huko, kupata uwanja.

Majina ya mitaa yapitie ila usikae sana hapo. Tunis, barabara ya Jules Ferry, mwanasiasa wa Kifaransa, siku hizi ni ya Habib Bourguiba, rais wa kwanza wa Tunisia, kwetu kuna mtaa wa Lumumba. Kubadili kibao ni rahisi bana, angalia nani anakaa ndani ya hizo nyumba.

Sehemu tamu ni lugha, hapa tega sikio kabisa. Mtoto wa Algiers nyumbani anaongea Kiarabu cha mtaani au Tamazight, lugha ya Waberber, shuleni anafundishwa kwa Kiarabu rasmi, halafu kwa miaka mingi, mpaka 2025 walipoanza kuhamia Kingereza, akifika chuo kusomea udaktari alikuta Kifaransa, na mwenzake ambaye baba alimudu shule ya kulipia au nyumbani Kifaransa ndo cha kila siku alikuwa ashamuacha mbali. Tamazight yenyewe imekuja kuwa lugha rasmi Morocco 2011 na Algeria 2016, miaka mingi baada ya bendera kushuka. Sasa we uliyesoma msingi Mwanga kwa Kiswahili ukakutana na fizikia ya Kingereza fomu wani, kuna haja ya kukueleza hayo maumivu? Ukienda ofisi yoyote sikiliza mteja anajibiwa kwa lugha gani na bosi anaongea gani simuni, utajua ngazi ziko wapi.

Ila usimtwike mkoloni kila kitu, wengi wanateleza hapa. Ujiji ilikuwa na waungwana wake kabla Mjerumani hajaonekana, na Wamanyema ambao baadhi yao waliletwa kama watumwa wakaja kuwa wenye mji, huku Mha wa bara akidharauliwa. Mwingereza akaongezea kwa kuwafanya Waha manamba wa mkonge. Morocco nako familia kubwa za Fes zilikuwa na hela na elimu tangu zamani, na weusi wa kusini wenye asili ya utumwa walishawekwa chini, Mfaransa akapita juu ya mistari hiyo hiyo. Kwahiyo kila ngazi iulizie mara mbili, ilikuwepo kabla? na mkoloni aliifanyaje?

Ukienda kwa wazee wa Ujiji usiulize kabila, na ya utumwa ndo usiyaguse kabisa, utafungiwa mlango. Amkia kwanza, kaa barazani, kisha uliza tu, "mzee, mtaa huu walianza kukaa akina nani?" Halafu nyamaza, yeye mwenyewe atakupanga nani alimuoa nani na nani alinyimwa mke.