Somo: Majina ya viungo na magonjwa, kutoka kinywani mwa mgonjwa hadi kwenye faili

Somo hili ni la wanaosindikiza wagonjwa, wahudumu wa afya mitaani na wanaojiandaa kuingia chuo cha utabibu. Hapa Nairobi mgonjwa hueleza shida yake kwa Kiswahili cha nyumbani, afisa wa kliniki akaiandika kwa Kiingereza, na maana ikapotea hapo katikati. Usianze na orodha ya magonjwa. Anza na viungo, kwa sababu jina la ugonjwa mara nyingi ni kiungo kilichotiwa mkia.

Hatua ya 1: Chora mwili
Tenga ukurasa mzima wa daftari, chora kiwiliwili, kisha weka viungo kumi kwa siku. Kila kiungo kipate jina, mahali na kazi. Ini liko kulia, chini ya mbavu. Wengu uko kushoto. Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula na ndilo hutengeneza insulini. Figo mbili ziko mgongoni, kandokando ya uti. Kidoletumbo kiko chini kulia, pale utumbo mpana unapoanzia. Kosa la kila mwanafunzi ni hili: kulia ni kwa mgonjwa, si kwako unayemtazama.

Neno la kuchunga zaidi ni “mshipa”. Mitaani linabeba ateri (hutoa damu moyoni), vena (huirudisha), neva (hubeba hisia na amri za ubongo), kano (hufunga msuli kwenye mfupa), na hata ngiri. Mtu akisema “mshipa unaniuma”, usiandike chochote kabla hajakuonyesha kwa kidole. “Tumbo” nalo ni hivyo hivyo: laweza kuwa mfuko wa chakula, utumbo, au eneo lote kutoka mbavuni hadi kinenani.

Hatua ya 2: Jifunze mikia
Mkia -itisi (wengi hospitalini hutamka “-aitisi”) maana yake kiungo kimewaka: kimevimba, kina joto, kinauma. Hepatitisi ni ini, nefritisi ni figo, gastritisi ni mfuko wa chakula, meninjitisi ni utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Ukijua viungo hivyo vinne, umeshajua magonjwa manne.

Mkia -emia ni habari ya damu, kama anemia, yaani upungufu wa damu. -uria ni mkojo. Hematuria ni damu kwenye mkojo. -ektomi ni kukata na kutoa, -skopi ni kuchungulia ndani kwa kifaa.

Mkia -oma ndio hutia watu hofu bure. Mara nyingi ni uvimbe unaoota, lakini si kila uvimbe ni saratani: lipoma ni uvimbe wa mafuta, na kwa kawaida hauna madhara, karsinoma ndiyo saratani. Tena yako majina yenye mkia huo ambayo si uvimbe wa kuota kabisa. Hematoma ni damu iliyovilia, trakoma ni maambukizi ya macho, na glakoma huharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa sababu ya presha ndani ya jicho. Usimtafsirie mtu “-oma” kwa kukisia.

Hatua ya 3: Haipa na haipo
Hapa ndipo kosa dogo la sikio huua. Hivi si mikia, ni vichwa vya neno: haipa- ni kupita kiasi, haipo- ni kupungua. Haipaglaisemia ni sukari ya damu iliyozidi, haipoglaisemia ni iliyopungua. Kiswahili kimetupa njia ya kukumbuka: ukisikia “haipo”, sukari *haipo*, imeshuka.

Sukari ya damu ikiwa chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho jembamba, huchanganyikiwa. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Kama amezimia, usimtie kitu chochote mdomoni, mkimbize hospitali. Anayesikia “haipa” mahali pa “haipo” atamnyima sukari mtu anayeihitaji dakika hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Pima neno la mgonjwa
Nairobi, “nina homa” mara nyingi ni mafua: kamasi na kupiga chafya. Pwani na Tanzania, homa ni joto la mwili. Kwa hiyo uliza, “Mwili una joto, au ni pua?” Kisha pima, kwapani, nyuzi 37.5 kwenda juu ni joto la kuandikwa. Kiungulia nacho huitwa “moyo unachoma”, ilhali ni asidi inayopanda kwenye umio. Ila maumivu ya kifua yanayobana na kushuka mkononi au kupanda tayani yasiitwe kiungulia na mtu yeyote mpaka daktari aseme.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, ngiri na busha ni kitu kimoja?
Jibu: Hapana. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni yanayopenya mahali palipolegea kwenye ukuta wa tumbo. Mara nyingi hurudi mtu akilala. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka pumbu. Ngiri ikigoma kurudi, ikauma na mtu akatapika, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Swali: Mama mtoto anasema mtoto ana kichomi. Niandike nimonia?
Jibu: La, ndugu. Kichomi kwa wengine ni nimonia, kwa wengine ni maumivu tu ya ubavu. Andika maneno yake jinsi alivyosema, kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia, ukitazama kifua na tumbo. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha, utakosea, kwa sababu pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja.

Swali: Bahasha ya dawa imeandikwa 1×3. Mama yangu anakunywa tembe tatu asubuhi.
Jibu: Mzuie leo, dada, na mrudi kwa mfamasia mkamweleze amemeza ngapi na kwa siku ngapi. 1×3 ni tembe moja, mara tatu kwa siku, takriban kila saa nane. Namba ya kwanza ni tembe, ya pili ni mara. Mwandikie juu ya bahasha: asubuhi moja, mchana moja, usiku moja.