Brauni za korosho kwenye jiko la mkaa

Hapa Mtwara korosho nzima, zile nyeupe kubwakubwa, hufungwa kwa ajili ya zawadi za safari. Zilizovunjika hubaki nyumbani, na ndizo ninazookea brauni, vile vipande vya keki nzito ya kakao. Ukienda sokoni usione haya kuulizia vipande. Bei yake iko chini, ladha ni ileile, na kazi ya kukatakata unakuwa umeshafanyiwa.

Oveni sina. Naoka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, moto juu na chini, kama bibi alivyokuwa akioka keki za Idi. Mwenye oveni aiwashe nyuzi 170 na aruke maneno ya mchanga.

Trei yangu ni ya mraba, sentimita 20. Inataka siagi ya maziwa gramu 150, sukari kikombe kimoja na robo, kakao robo tatu ya kikombe, unga wa ngano nusu kikombe, mayai mawili makubwa (ya kienyeji tia matatu), vanila kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, na korosho kikombe kizima. Bekingi pauda haimo, wala sijaisahau. Ukiitia utapata keki nyeusi. Itakuwa tamu, lakini si brauni.

Kakao iwe unga mtupu, siyo ile ya kunywa iliyokwisha kuchanganywa na sukari. Kakao yetu nyingi hulimwa Kyela, na nikipata unga wa huko huwa nanunua wa kuweka akiba.

Anza na korosho. Zikaange bila mafuta kwenye kikaango, moto mdogo, ukizigeuza bila kuondoka. Zikianza kunukia na kupata wekundu, zimwage kwenye sahani papo hapo, maana kikaango cha moto kitaziunguza hata ukishakiepua. Korosho mbichi ndani ya brauni hulainika kama maharage. Usiruke hatua hii.

Wakati huohuo mchanga uwe unapashwa. Tandaza unene wa vidole viwili chini ya sufuria, weka vijiwe vitatu vya kukalisha trei, funika, uache kama robo saa. Mchanga wa ufukweni usiutumie. Mimi niliutumia kwa kuwa bahari iko karibu, chumvi ikaila sufuria mpaka ikatoboka.

Sasa yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia sukari, kakao na chumvi, koroga. Sukari yetu ya kahawia ina chembe nene, kwa hiyo ipe dakika tatu nne ilainike. Epua, subiri mpaka kidole kivumilie joto lake, la sivyo mayai yataiva humo yawe vipande. Tia yai moja, piga kwa nguvu, kisha lingine, na vanila. Hapa mkono uchoke kweli: ile ngozi nyembamba inayong'aa juu ya brauni hutokana na sukari iliyoyeyuka vizuri na mayai yaliyopigwa. Ukishatia unga, geuza taratibu mpaka weupe upotee, basi. Malizia na korosho. Zote ziingie ndani. Ukizinyunyiza juu, mkaa wa kwenye mfuniko utaziunguza.

Paka trei siagi, nyunyizia kakao kidogo, mimina, ingiza sufuriani. Chini acha makaa machache, juu ya mfuniko weka mara mbili yake.

Mara yangu ya kwanza nilisubiri kijiti kitoke kikavu, kama ninavyopima keki. Shemeji yangu alichukua kipande, akakigonga mezani, akauliza kama nimeanza biashara ya tofali. Kumbe kijiti kinatakiwa kitoke na makombo yenye unyevunyevu. Uji ukishuka, bado. Chungulia dakika ya 20, lakini haraka, maana kila ukifunua joto linakimbia; zangu hutoka kati ya dakika 25 na 30. Kingo zitakuwa zimeshikana na katikati kutikisika kidogo. Utaona kama hazijaiva. Toa hivyohivyo, zitajimalizia zenyewe kwenye trei.

Halafu uvumilivu. Zikikatwa za moto zinavurugika. Mimi naoka baada ya magharibi, nakata asubuhi, kisu nikikichovya kwenye maji ya moto na kukifuta kila mara. Vipande vya pembeni, vyenye ukingo mkavu, najiwekea kabla watoto hawajaamka.

Mchanga nao usimwage. Ukipoa urudishe kwenye ndoo na uifunike, paka wa jirani wasije wakaugeuza choo.