Somo: Bega lililoganda, lipime kabla ya kulivuta

Bega likianza kuuma watu hutafuta vitu viwili: dawa ya kuchua na mtu wa kulivuta. Dawa ya kuchua haina neno. Huyo wa kuvuta ndiye anayeniletea wagonjwa wakilia, maana bega lililoganda likilazimishwa wakati halijatulia, maumivu huzidi na kukaza kunaongezeka.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Kiungo cha bega kimezungukwa na kifuko chembamba kilicholegea, na kulegea huko ndiko kunakotuwezesha kufikisha mkono kila upande. Katika ugonjwa huu kifuko kinapata uvimbe wa ndani, kinanenepa, kisha kinasinyaa. Mfupa hauna tatizo, kwa hiyo eksirei hutoka safi na mgonjwa huambiwa hana kitu. Ernest Codman, mpasuaji wa Boston aliyelipa tatizo hili jina mwaka 1934, alikiri kuwa ni gumu kulieleza na gumu kulitibu. Hadi leo kwa wagonjwa wengi hatupati chanzo. Tunachojua ni nani hupatwa zaidi: wenye miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, wenye kisukari, wenye matatizo ya tezi ya shingo, waliopata kiharusi, na waliokaa na mkono bila kuutumia baada ya kuvunjika au kufanyiwa upasuaji wa titi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni lenyewe

Simama, bana viwiko mbavuni, vikunje ili vidole vielekee mbele. Sasa peleka viganja nje, kulia na kushoto, bila kuachia viwiko. Bega lililoganda litagoma mapema kuliko lenzake. Kisha mwenzako akusukumie mkono huo taratibu. Ukigoma palepale hata ukisukumwa, shaka kubwa ni kuganda.

Kama mwenzako anaweza kuunyanyua mkono lakini wewe mwenyewe huwezi, fikiria kano iliyochanika, yaani ule uzi mgumu unaounga msuli na mfupa. Kama unaunyanyua ubavuni na maumivu yanakuja katikati ya safari tu, kuanzia nyuzi 60 hadi 120 hivi, kisha yanapungua ukifika juu, huenda kano inabanwa chini ya mfupa. Maumivu makali yanayolipuka ghafla ndani ya siku moja au mbili yanaweza kuwa ya chokaa iliyojikusanya kwenye kano, na hiyo eksirei huionyesha.

Angalizo ambalo hata wahudumu hulisahau: aliyeanguka, aliyepata degedege au kupigwa shoti ya umeme anaweza kuwa bega limechomoka kwa nyuma. Nalo hugoma kwenda nje vilevile, kwa hiyo huyu lazima apigwe eksirei, tena ya pande zaidi ya moja.

Hatua ya 2: Pima sukari

Nimeiweka peke yake makusudi. Wapo wanaogundulika kuwa na kisukari kwa sababu ya bega. Kipimo ni rahisi, na majibu yake hubadilisha matibabu.

Hatua ya 3: Jua uko awamu gani

Awamu ya kwanza ni ya maumivu, hasa usiku, na huchukua kati ya miezi 2 na 9. Ya pili maumivu yanapungua lakini mkono umefungwa: sidiria haifungiki nyuma, bomba la daladala halishikiki. Hiyo ni miezi 4 hadi 12. Ya tatu bega linaachia polepole, na inaweza kupita mwaka. Jumla mara nyingi ni mwaka mmoja hadi mitatu, na wapo wanaobaki na ukakamavu kidogo. Sitawadanganya kwamba kuna mafuta ya kulimaliza kwa wiki.

Hatua ya 4: Ukiwa kwenye maumivu, tuliza

Parasetamo, au ibuprofeni kwa asiye na vidonda vya tumbo, figo mbovu wala presha isiyodhibitiwa. Kitambaa cha maji ya moto dakika 10 hadi 15. Ukilala, lalia upande mzima na uegemeze mkono mgonjwa kwenye mto mbele yako. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, ikiingizwa kwenye kiungo husaidia zaidi ikichomwa mapema, katika awamu hii, kuliko bega likishakaza.

Zoezi ni moja tu la kuanzia: inama, mkono mzima ushike meza, mgonjwa uning'inie, uuachie uyumbe mbele na nyuma, kisha duara dogo. Usiunyanyue kwa nguvu.

Hatua ya 5: Maumivu yakipungua, nyoosha

Hapa ndipo kazi ilipo. Tembeza vidole ukutani kupanda juu. Shika fimbo ya ufagio kwa mikono yote, viwiko mbavuni, mkono mzima uusukume mgonjwa nje. Pitisha kanga mgongoni, mkono wa juu uuvute wa chini. Fanya kidogo mara kadhaa kwa siku. Kuhisi kuvutwa ni sawa; maumivu yakikaa hata baada ya kupumzika, umezidisha.

Hatua ya 6: Likikataa kabisa

Daktari wa mifupa anaweza kujaza kifuko maji ili kitanuke, kukunyoosha ukiwa na nusukaputi, au kukata kifuko kwa kamera ndogo. Utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2020, wenye wagonjwa 503, ulilinganisha kunyooshwa, kukatwa, na mazoezi tiba pamoja na sindano. Hakuna njia iliyoziacha nyingine mbali. Ndiyo maana huwa sina haraka ya kisu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo daktari. Mama ana kisukari, ameandikiwa sindano ya bega. Sukari haitapanda?*

Marahaba mwanangu. Itapanda kwa siku kadhaa. Amwambie daktari kabla, apime mara kwa mara, asijibadilishie dozi mwenyewe.

*Bibi anashauri chale begani. Kuna ubaya?*

Chale haifiki kwenye kifuko. Na kwa mwenye kisukari kidonda chake kinaweza kuwa ugonjwa wa pili.

*Mimi ni fundi cherehani, niache kazi?*

Hapana dada. Kuufunga mkono kwa kitambaa cha shingoni siku nzima ndiko kunakoukaza. Shona, ila vitambaa na mkasi viwe karibu, chini ya usawa wa bega.

*Langu la kushoto linauma nikipanda ngazi, nikikaa linaacha. Nianze na zoezi la ukutani?*

Usianze, kaka. Bega lisiloumia mkono ukisogezwa, ila linauma ukitembea haraka, linaweza kuwa moyo. Nenda hospitali leo. Na wengine pia: homa na bega jekundu lenye joto, uvimbe usioeleweka, au mkono uliokufa ganzi, visisubiri mazoezi.

*Langu limepona mwaka jana. Litarudi?*

Bega lilelile ni nadra. La pili ndilo la kuangalia, hasa ukiwa na kisukari. Likianza kukuamsha usiku, njoo mapema, wakati sindano bado ina kazi ya kufanya.