Mchanga Huu Ulitoka Wapi? Kupima Umri wa Punje za Zirikoni

Mlima uliozaa mwamba wa mchanga huenda ulikwisha lika wote, lakini zirikoni zake zingalimo. Hizi ni punje ngumu za madini, nyingi zikiwa na urefu wa milimita 0.05 hadi 0.2. Zirikoni inapojiunda ndani ya magma (mwamba ulioyeyuka) hupokea urani na kukataa metali ya risasi, kwa hiyo risasi unayoikuta humo leo karibu yote imetokana na kuoza kwa urani, yaani kugeuka kwake polepole kuwa risasi. Aina moja ya urani, urani-238, hupungua nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47, na nyingine, urani-235, kila baada ya miaka milioni 704. Punje moja basi inakupa hesabu mbili za umri, na moja inaikagua nyingine.

Chukulia unafanya kazi kwenye vilima vya Singo, karibu na Mityana, Uganda. Chukua kilo 3 hadi 5 kutoka tabaka moja tu. Ukichanganya matabaka mawili hutaweza kuyatenganisha tena. Mwamba wenye punje za wastani ndio unaofaa. Vunja gamba la nje lote na upige brashi papo hapo, maana vumbi jekundu la murramu hushika kila kitu, nalo lina zirikoni za kwake. Tumia mfuko mpya, uandike namba nje na kwenye karatasi ndani. Ukiona matabaka ya mshazari yaliyoachwa na maji, pima yameinamia upande gani. Mwelekeo huo wa mto wa kale utakuja kuunga mkono chanzo ambacho umri wa punje utakuonyesha, au kukipinga.

Sampuli nyingi huharibikia kwenye kuponda. Punje chache za graniti zilizobaki katika mashine tangu jana zitakuzulia mlima ambao haukuwahi kuwako. Fungua mashine, piga brashi, puliza hewa, pangusa kwa spiriti, kisha ponda kipande safi cha kwatsi, madini makuu ya mchanga, na ukitupe. Kitambaa cha chekecheo, chenye matundu ya milimita 0.4, kiwe kipya kwa kila sampuli. Ponda kidogo, chekecha, rudisha makapi. Ukisaga mpaka unga, zirikoni zitavunjika.

Kuosha kwa karai wachimba dhahabu wa Mubende wanakujua sana, ila hapa mkono uwe mpole zaidi. Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji, zirikoni mara 4.6 tu. Mzungusho unaobakiza dhahabu unamwaga zirikoni ndogo, na hizo ndogo pengine zote zimetoka mlima mmoja. Kinga maji yanayomwagika kwenye ndoo na ukague mashapo yake kwa darubini.

Kausha, ondoa chuma kwa sumaku ya mkono, kisha tumia kimiminika kizito. Sodiamu politangsteti yenye uzito mara 2.85 ya maji huelesha kwatsi (2.65), na zirikoni huzama. Naipendekeza kuliko bromofomu, ambayo mvuke wake ni sumu. Ioshe kwa maji yaliyokenekwa tu: kalsiamu ya maji ya bomba huigandisha, na ni ghali. Baada ya hapo pitisha kwenye mashine ya sumaku, ukiongeza nguvu taratibu. Usitupe zirikoni zinazovutwa, kwani zenye urani nyingi mara nyingi ndizo hizo.

Usichague punje nzuri. Mimina bila kubagua, zishike kwa gundi ya epoksi, sugua hadi nusu ya unene wake, kisha zipige picha za mwangaza wa elektroni. Picha hizo huonyesha kiini cha zamani na ganda lililoota baadaye. Umri hupimwa kwa leza inayochimba punje; alama yake, yenye upana wa maikroni 25 hadi 35, ikiangukia vyote viwili hutoa umri wa katikati usio wa chochote.

Pima punje 117 au zaidi: kwa idadi hiyo una uhakika wa asilimia 95 kwamba hukukosa kundi lolote linalofikia asilimia 5 ya mchanga. Kila baada ya punje 5 hadi 10 pima zirikoni ya rejea, ambayo umri wake unajulikana, kama ile iitwayo 91500 yenye miaka milioni 1,065. Hesabu mbili zikipishana zaidi ya asilimia 10, wengi huiacha punje hiyo, maana huenda imevuja risasi.

Sasa tafuta chanzo. Umri unaozidi miaka milioni 2,500 unaelekeza kwenye miamba ya kale kabisa, kama ya kratoni (kiini cha kale cha bara) ya Tanzania. Karibu 2,000, mkanda wa miamba wa Buganda-Toro na Rwenzori. Karibu 1,375, graniti za Karagwe-Ankole. 800 hadi 500, mkanda wa mashariki unaogusa Karamoja. Lakini zirikoni hustahimili safari nyingi. Punje yenye miaka milioni 2,000 inaweza kuwa imetoka kwenye mwamba wa mchanga uliomomonyoka kabla ya huu, kwa hiyo tazama pia vijiwe vilivyomo katika tabaka. Basalti, mwamba mweusi wa volkano, hutoa zirikoni chache mno. Kukosekana kwake kwenye grafu ya umri hakuthibitishi kwamba haikuwako.

Mchanga hauwezi kuwa mkongwe kuliko punje yake iliyo changa kuliko zote. Usitegemee punje moja kutamka hilo. Tafuta angalau tatu zinazokubaliana, zilizopimwa kwenye sehemu safi zisizo na nyufa.