Kuifanya Kompyuta Ilie Skripti Inapomaliza Kazi

Skripti (faili la amri zinazotekelezwa kwa mfuatano) inayonakili mafaili mengi huweza kuchukua saa nzima, na hakuna haja ya mtu kukaa akiikodolea macho, kwani inaweza kuagizwa itoe mlio pindi inapomaliza. Katika Linux na macOS, njia nyepesi kuliko zote ni kuandika mstari huu mwishoni mwa skripti:

printf '\a'

Amri hiyo hutoa herufi namba 7 ya ASCII (orodha ya namba zinazowakilisha herufi), ambayo ni urithi wa mashine za teleprinta zilizokuwa na kengele halisi ya kumwita mhudumu. Siku hizi huipokea programu ya terminali (dirisha la kuandikia amri), nayo huamua kulia, kumulika dirisha au kunyamaza kabisa. Kwa hiyo usiposikia kitu, kagua mipangilio ya terminali kabla ya kuilaumu skripti.

Jambo hili lina matokeo ambayo wengi huyasahau. Ukiwa umeingia kwenye seva ya mbali kwa SSH (njia salama ya kuendesha kompyuta nyingine kupitia mtandao), mlio utausikia kwenye kompyuta iliyo mbele yako, si kule seva iliko, na pengine ndivyo unavyotaka. Matokeo ya skripti yakielekezwa kwenye faili, kengele nayo huzama humo humo, isipokuwa uielekeze kwenye terminali waziwazi:

printf '\a' > /dev/tty

Kazi zinazoendeshwa na cron (programu inayoanzisha kazi kwa ratiba) hazina terminali, hivyo hata mstari huo hautazifaa. Huko ni afadhali kutuma barua pepe.

Mlio usiotofautisha kufaulu na kushindwa una faida ndogo. Mimi hupendelea mlio mmoja kwa kazi iliyofaulu na mitatu kwa iliyokwama (nakili.sh hapa ni jina la skripti yako):

if ./nakili.sh; then printf '\a'; else for i in 1 2 3; do printf '\a'; sleep 1; done; fi

Ile sekunde moja ya kusubiri isiondolewe, kwa sababu kengele zinazofuatana upesi mno huweza kusikika kama moja.

Katika PowerShell, programu ya amri ya Windows, unaweza hata kuchagua sauti yenyewe:

[console]::beep(800, 300)

Namba ya kwanza ni masafa kwa hezi, kuanzia 37 hadi 32767, ingawa yanayozidi 20000 hayasikiki kwa sikio la binadamu. Ya pili ni muda kwa milisekunde. Kwa macOS, anayechoshwa na kengele ya kawaida anaweza kucheza faili la sauti:

afplay /System/Library/Sounds/Glass.aiff